Kijiko Kimoja cha Unga

Kuna watu ambao hata chai hawaingojei ipoe. Huunguza ulimi, kisha wakailaumu birika. Fasta alikuwa kinara wao. Mtu mzima mwenye ndevu zake, bado alikuwa muosha vyombo katika duka la aiskrimu la shangazi yake, huku roho yake yote ikiwa kwenye mashine.

Asubuhi hiyo shangazi alimpa nafasi. Mama mwenye ukumbi wa harusi angekuja kuonja. Akiridhika, duka lingepata kazi ya ukumbi, na Fasta angekabidhiwa mashine. Kabla ya kwenda kununua maziwa zaidi, shangazi alimwonyesha kopo la unga wa mbegu fulani, jamii ya maharagwe, ambao huyafanya maziwa kuwa mazito.

"Changanya kijiko kimoja na sukari, nyunyiza, koroga, kisha uache," alisema. "Unga huu hunywa maziwa polepole, baba. Usiuharakishe."

Fasta alinyunyiza, akakoroga, akachungulia. Maziwa yalikuwa mepesi vilevile. Akaongeza kijiko, akachungulia tena. Hola. Alipomwona mgeni anaegesha gari nje, alimimina kopo zima na kujipongeza kwamba shangazi ana uoga wa bure.

Unga haukuwa na ugomvi na mtu. Ulikunywa maziwa kwa nafasi yake, na mgeni alipoketi, mwiko ulikuwa umesimama wima kama askari wa zamu. Fasta aliuvuta, sufuria ikaja nao. Akaibana sufuria kwa magoti, akavuta tena, jasho likimtoka.

"Samahani, mwanangu," mgeni aliuliza kwa upole, "hii ni ya kula au ya kubandikia soli za viatu?"

Shangazi alirudi, akatazama, wala hakufoka. Hilo lilimuuma Fasta kuliko matusi. Shangazi alichanganya maziwa mapya kwa kijiko kimoja cha unga, akapiga soga na mgeni mpaka unga ukakolea, ndipo akawasha mashine. Fasta alipewa sufuria aisugue. Aliisugua kwa maji moto, kwa kisu, na kwa machozi kidogo, huku akiwasikia wale wawili wakikubaliana kuhusu kazi ya ukumbi. Mgeni alikuwa na sharti moja tu, kwamba mashine ishikwe na shangazi mwenyewe.

Fasta alipomaliza, aliingia na kibakuli chake mkononi. Shangazi alikuwa akilamba kijiko cha mwisho cha aiskrimu.

"Pole, baba," alimwambia. "Imekwisha."

Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.