Kigoda cha Simba wa Nahimba

Sogeeni karibu, na anayetafuna muhogo atafune taratibu, kwa sababu mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kuhukumu ni kazi yenu.

Kijiji cha Nahimba kilikuwa kusini, kimepakana na pori, na ndani yake waliishi watu watatu wenye vipaji. Chande Likapa alikuwa mwanajeshi mstaafu. Mfumbe macho, mpe chuma chochote cha bunduki, atakwambia kinakaa wapi na kinafanya nini. Akwinata Haule alikuwa fundi wa kufua vyuma, kazi aliyoachiwa na baba yake. Jembe, baiskeli, mashine ya kusaga, vyote vilimtii. Somoe Ausi alikuwa mgambo, na leseni ya bunduki ya kijiji ilikuwa na jina lake. Akilenga, hakosi. Wanaume waliomcheka siku ya kwanza ya mafunzo walinyamaza wenyewe siku ya pili.

Bunduki yenyewe ilikuwa moja tu, ya kiraia, ya kuwindia. Sheria ya huko ilikuwa wazi, na afisa wa silaha aliisoma kila mwaka mbele ya watu wote: bunduki ya raia ikitiwa kipuri cha jeshi, hata kiwe kidogo namna gani, si ya raia tena, na aliyeitengeneza hivyo anafungwa. Wote watatu walikuwepo iliposomwa. Shikeni hilo.

Mwaka huo, mpunga ulipoiva, simba aliingia mashambani. Akachukua mtu wa kwanza, akachukua wa pili. Kisha asubuhi moja Melania, mke wa mwenyekiti, akiwa juu ya dungu, kile kitanda kirefu cha miti cha kulindia shamba, anafukuza ndege na mtoto mgongoni, alimwona simba anakuja na kulala chini yake. Saa nne yupo. Saa sita bado yupo. Dungu lilikuwa la zamani, nguzo moja imeliwa na mchwa, na kila simba alipojikuna kwenye nguzo ile, Melania alipiga kelele, mpaka sauti ikamkauka. Waliojaribu kwa mikuki na moto walirudi wamembeba mwenzao, paja limechanika.

Somoe alikuja mbio na bunduki, akalenga, akavuta. Kimya. Pini ya kugonga risasi ilikuwa imekatika. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na askari wa wanyamapori wasingefika kabla ya kesho kutwa.

Ndipo Chande akaenda nyumbani kwake. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la mafuta ya kupaka, na ndani ya kopo pini ya bunduki ya jeshi, ya rafiki yake aliyefia pembeni yake vitani. Alitakiwa kuirudisha alipostaafu. Hakuweza. Kwa miaka kumi na tisa hakumwonyesha hata mkewe. Kuitoa ilikuwa ni kujishtaki, naye alilijua hilo. Alikaa kitandani akaililia kidogo, halafu akakimbia nayo kwa fundi.

"Akwinata, mwanangu, usiniulize imetoka wapi."

"Siulizi, Baba. Chapa ya jeshi naiona."

Pini ile haikuwa ya bunduki ile. Akwinata angesema tu "haiingii," na nani angembishia? Alichukua tupa, akaanza kuikwangua. Akipunguza kidogo kupita kiasi imeharibika, na nyingine hakuna. Kutoka shambani sauti zilikuwa zinakuja: nguzo inalia! Fundi akawa anakwangua, anasimama, anaijaribisha pini, anaendelea. Angeweza kuifuta ile chapa kwa msukumo mmoja wa tupa. Hakuifuta. Sijui kama ni haraka au ni ukaidi wa mafundi, na yeye mwenyewe hakusema.

Somoe akapokea bunduki.

"Mmeweka nini humu?"

"Piga tu," Chande akamjibu.

Somoe hakuwa mjinga. Alijua ni kipuri cha nani, na alijua bunduki iliyochokonolewa hivyo inaweza kumpasukia usoni. Alitambaa ndani ya mpunga kifudifudi mpaka akasikia simba anavyopumua. Nguzo ikavunjika. Dungu likainama, mguu wa mtoto ukaning'inia hewani, na simba akainuka. Somoe akapiga mara moja. Simba hakunyanyuka tena.

Sasa, Nahimba wana desturi yao. Aliyeua simba anakalishwa kwenye kigoda siku saba, kila nyumba inampikia, na anapewa jina jipya la kuitwa mpaka kufa kwake. Kigoda ni kimoja, hakijawahi kukaliwa na wawili. Na kabla ya kukikalia, mtu anasimama mbele ya ngoma na kujisifu kwa sauti kubwa, watu wote wasikie.

Basi walijisifu! Chande akasema, "Bila pini yangu mngekuwa mnachimba makaburi." Akwinata akasema, "Pini ilikuwa chuma tu. Mimi ndiye niliyeifanya bunduki." Somoe akasema, "Bunduki ilikuwa gogo. Mimi ndiye niliyemuua simba." Walibishana siku mbili, kigoda kikiwa kitupu.

Siku ya tatu afisa wa silaha akavuka mto kwa mtumbwi. Aliifungua bunduki, akaigusa chapa ya jeshi kwa kidole.

"Nani ametengeneza silaha hii?"

Hapo ndipo sifa zilipogeuka.

"Mimi nilikuwa na pini ndani ya kopo," Chande akasema. "Ndani ya kopo haikumpiga mtu."

"Mimi nimepiga tupa, afisa. Fundi anafanya alicholetewa."

"Mimi nilipewa bunduki ya kijiji nikapiga. Ningeanza kuifungua, Melania angekuwa wapi?"

Afisa akawageukia wote watatu. "Sifa zenu nimezisikia ng'ambo ya mto kabla sijapanda mtumbwi. Juzi kila mmoja alisema ni yeye peke yake. Sheria yangu inataka jina moja la mtengenezaji. Nikilipata, pini hii inatoka, inawekwa ya kiraia, bunduki inabaki kwenu. Nisipolipata, naondoka na bunduki."

Watu wakaguna. Asubuhi ile ile, kisimani, nyayo za simba mwingine zilikuwa zimeonekana, mbichi.

"Na kigoda?" mwenyekiti akauliza kwa sauti ndogo.

"Kigoda ni chenu. Lakini nieleze, mwenyekiti: sababu ya kumkalisha mtu pale na sababu ya mimi kumfunga, zina tofauti gani?"

Mwenyekiti akakigeukia kigoda kitupu. Chande, mzee wa watu, alijisogeza nyuma ya ngoma. Akwinata alificha viganja vyake vyenye vidonda. Somoe alitazama chini. Niwaambie ukweli, niliwaonea huruma wote watatu, na hasira pia nilikuwa nayo.

Afisa akampa kalamu Melania. "Wewe ndiye uliyekuwa juu. Andika."

Melania akamshusha mtoto mgongoni, akaishika kalamu. "Bila hata mmoja wa hawa, mimi na mwanangu tusingekuwepo," akasema. "Nikiandika, namfunga aliyeniokoa. Nisipoandika, bunduki inaondoka, na kesho simba atamkuta nani juu ya dungu?"

Karatasi ilikuwa mbele yake, nyeupe. Watu wote walikuwa wanamtazama mkono.

Mimi naishia hapo. Kalamu hiyo, msikilizaji, ichukue wewe. Utamkalisha nani kwenye kigoda, na nani utamwandika kwenye karatasi? Ni mtu yule yule? Au utairudisha kalamu, bunduki iondoke, na simba wa kisimani aje?

Haya, sema. Ungeamua vipi?