Waliokuja Kuuliza Jina la Dawa

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyeishi na binti yake wa miaka minne katika mji mdogo wa milimani. Mtoto aliitwa Atupele. Jina zuri hilo, maana yake Mungu ametupatia. Lakini mtaani walikuwa na jina lao. Walimwita Baruti.

Mtoto yule alikuwa akicheza vizuri, anacheka, halafu ghafla anarusha kikombe, anauma, anajigonga kichwa sakafuni mpaka sauti inakauka. Siku moja alimrushia jiwe mtoto wa jirani, likampata juu ya jicho. Akashonwa nyuzi tatu. Baada ya hapo hakuna aliyemtukana mama yule. Hapana, watu wa dini hatutukani. Walianza tu kuwaita watoto wao ndani kila alipotokea. Shule ya awali ikamwomba amtafutie binti yake mahali pengine panapomfaa. Kanisani akashauriwa kwa upole akae benchi la nje, chini ya upenu, ili mahubiri yasikatizwe. Akakaa. Miezi saba mama huyo alisikiliza neno la Mungu kupitia dirishani, huku mvua ikimrukia miguuni. Niwaulize, katika miezi hiyo saba, ni nani aliyetoka kwenda kukaa naye?

Ushauri aliupata mwingi. "Mama Atupele, dawa ya moto ni moto," jirani mmoja alimwambia akiwa anapita. "Mchape mpaka akuogope."

Akamchapa. Mtoto akazidi. Na mama akaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe. Ndipo akampigia simu dada yake anayeishi mbali, akamwomba amchukue mtoto. Dada akamwambia, "Mlete mwisho wa mwezi." Mama akakata simu, akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa gauni la mteja ndani nje.

Mwenye gauni hilo, alipolifuata, ndiye aliyemweleza habari za dada mmoja anayetibu kwa homeopathi, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Mimi si daktari, simwambii mtu aende wala asiende. Watu wa tiba hiyo huchukua kitu kinachofanana na ugonjwa wenyewe, wakakizimua kwa maji, wakazimua tena na tena, mpaka hakionekani wala hakionjeki, kisha maji hayo wakayanyunyizia kwenye vidonge vya sukari. Wengine husema humo hamna kitu, ni sukari tu. Mama yule hakwenda kwa sababu aliamini. Alikwenda kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Alitarajia kupewa dawa na kuondoka. Badala yake yule dada alivuta kiti, akafungua daftari, akaanza kuuliza. Mtoto analalaje? Anapenda baridi au joto? Akikasirika anataka kushikwa au kuachwa? Saa nzima ikapita.

"Hasira hizi zilianza lini?"

"Mwaka jana, daktari. Baada ya bibi yake kufariki. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda naye."

"Mtoto mlimwambia nini?"

Mama akainamisha kichwa. "Tulimwambia bibi amesafiri."

"Na sasa hivi anajua nini?"

"Anajua bibi amesafiri."

Yule dada aliandika, kisha akampa kichupa cha vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama. "Kila asubuhi vitatu, chini ya ulimi. Asitafune. Kaa naye mpaka viyeyuke, usifanye kazi nyingine. Na mama, mwambie ukweli."

Asubuhi iliyofuata mama aliacha cherehani, akaketi na binti yake kizingitini. Vidonge vilipoisha mdomoni, akamwambia. Bibi hakusafiri. Bibi amekufa, tumemzika pale nyuma, penye migomba.

"Kwa hiyo harudi?"

"Harudi, mwanangu."

"Mimi nilikuwa namngojea," mtoto akasema.

Kisha akalia. Hakurusha kitu. Alilia kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa, na mama akalia naye, kwa sababu hata yeye alikuwa hajapata wa kulia naye tangu siku ya mazishi.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Siku ya tatu Atupele alirusha kiatu kikavunja taa. Lakini baadaye alikuja mwenyewe kumwegemea mama. Wakaendelea kuketi kizingitini kila asubuhi, na hasira zikaanza kupishana kwa siku. Mwisho wa mwezi ukafika, mama akampigia dada yake, akamwambia, "Simleti."

Akarudi kwa yule dada wa vidonge kumshukuru. "Daktari, ni vidonge vilivyosaidia, au ni yale maneno?"

"Mimi ninaamini dawa yangu," akamjibu. "Lakini nikikuambia najua ni kipi, nitakuwa nimekudanganya."

Mama akasimama mlangoni kidogo. "Siku ile uliponiuliza maswali," akasema, "nilitamani yasiishe."

Baadaye hasira zikapishana kwa wiki, na habari zikaenea kwamba Baruti ametulia. Jumamosi moja akina mama watano wa jumuiya yake wakabisha hodi. Mama Atupele aliwaona kupitia dirishani, na kabla hajafungua alikuwa ameshabandika chai na kupangusa viti. Mwaka mzima mtu hakuwa amekalia viti vile.

"Karibuni ndani, karibuni."

"Ahsante, mama, tuna haraka," mmoja akasema. "Tunaomba tu jina la ile dawa. Mjukuu wangu naye ana hasira."

"Nitawaeleza yote. Chai iko jikoni, kaeni kidogo."

"Siku nyingine, mama. Tuandikie tu jina."

Akawaandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Wakamshukuru, wakamwombea baraka hapohapo mlangoni, wakaenda. Atupele akatoka jikoni, akaangalia vikombe vilivyopangwa. "Mama, wageni wako wapi?"

"Walikuwa na haraka."

Ndugu zangu, walichokifuata kilikuwa ndani ya nyumba ile, nao hawakuingia. Kama wangekaa nusu saa, wangeisikia habari ya bibi, wangejua la kumuuliza mjukuu wao. Wameondoka na jina la kichupa.

Na sisi je? Mgonjwa tunamuuliza anatumia dawa gani. Mjane tunamuuliza kama mambo yamekaa sawa, funguo za gari tumeshazishika mkononi. Mimi ninayesema nanyi sijatoka salama. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mzee wetu mmoja aliyelala kitandani. Niliomba nikiwa nimesimama, pikipiki inanguruma nje. Nilipofika mlangoni nikamsikia akimuuliza mkewe, "Mchungaji ameshafika?"

Leo mchana ninarudi kwake. Nitavua viatu, nitakaa. Anayetaka kufuatana nami anikute langoni, na awe ameaga kwao kwamba atachelewa. Bwana atuhurumie, atufundishe kukaa.