Shahada ya Uvuvi ya Bwana Mamba

— Masikio!
— Yako wazi!
— Nimwage?
— Mwaga!
— Nimwage maji au nimwage maneno?
— Maneno! Maji tumeshaoga!

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyekaa kule nyuma acha kutafuna, hii si hadithi ya kutafuna.

Palikuwa na ziwa, na ziwa hilo lilikuwa kimya. Si kimya cha watu waliolala. Ni kimya cha nyumba ambayo wenyewe wameondoka na chungu wamekiacha jikoni. Zamani lilijaa samaki, perege na kambale na ningu na dagaa wa kumwaga. Bwana Mamba akala. Asubuhi akala, mchana akala, akipumzika alipumzika huku anakula. Mwishowe wakabaki perege arobaini tu, wamejibana kwenye mizizi ya mafunjo. Mamba akipita juu yao, kilipita kwanza kivuli, kisha tumbo, kisha mkia, na wao kimyaa, hata mapovu wameyameza.

Njaa ikamuuma Mamba. Akawaza. Siku tatu akawaza, maana kichwa chake ni kirefu lakini sehemu kubwa ni meno. Siku ya nne akasema, "Samaki anakimbia kinywa, lakini sijaona samaki anayekimbia shule."

Akaenda hadi kwenye mafunjo, akalainisha sauti. "Ndugu zangu, mnaliwa kwa sababu hamkusoma! Nafungua chuo. Nitatoa Shahada ya Kwanza ya Sayansi ya Uvuvi. Mtaijua nyavu, mtaijua ndoano, mtajua mvuvi anawaza nini hata kabla hajawaza. Mkihitimu, nani atawavua tena?"

Perege wakatazamana. Mama mmoja akanong'ona, "Wangu ana akili sana, anapoteza muda tu hapa mizizini." Wa pili akasema, "Shahada!" Wa tatu alikuwa ameshaanza kumsugua mwanawe magamba ili apendeze.

Lakini ziwa lilikuwa na Baraza, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kiboko, ambaye hata Mamba alimheshimu, kwa sababu Kiboko akiuma, kinachoumwa kinakuwa vipande viwili. Mzee Kiboko akasema, "Chuo bila mtaala hakifunguliwi katika maji yangu."

Mtaala! Mamba hajui kuandika hata jina lake. Aliyejua kuandika katika ziwa zima alikuwa mmoja, naye ni Bi Kaa.

Bi Kaa alikuwa mjane, mdogo kama kifuniko cha kibuyu, anakaa kwenye shimo la ukingoni. Alichukua bamba la udongo mbichi, akaandika kwa gando lake, kwacha kwacha kwacha. Akikosea alifuta, fyuu. Mtoto hakuwa naye. Ila alikuwapo Sikitu, binti wa perege wa jirani, aliyekuja kila siku kumtazama akiandika na kumuuliza herufi moja moja. Bi Kaa alimpenda mtoto huyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Basi Mamba akaja, akajaza mlango mzima wa shimo kwa jicho moja.

"Hodi, Bi Kaa. Andika. Shahada ya kwanza. Muda, siku moja."

"Siku moja ni semina, Bwana. Shahada ni miaka mitatu."

"Mitatu! Miaka mitatu nitakula—" Akakohoa. "Nitakuwa nasubiri nini?"

"Chini ya hapo Baraza halipitishi."

"Haya, mitatu. Tia masomo."

Bi Kaa akaandika, kwacha kwacha kwacha. Utangulizi wa Nyavu. Tabia za Ndoano. Hila za Chambo. Afya ya Maji. Na Takwimu za Dagaa, somo la lazima, kwa sababu chuo kisicho na somo moja linalochukiwa na wote hakijakuwa chuo.

"Na vitendo?" akauliza Mamba, taratibu. "Elimu bila vitendo ni kelele. Andika mafunzo kwa vitendo, wiki ya kwanza, siku ya kwanza, saa ya kwanza. Watatu watatu. Mahali..." Akaachama. "Humu."

Bi Kaa akatazama humo. Meno juu, meno chini, na nyuma kabisa giza, na lile giza lilikuwa linapumua. Gando likamgandia hewani.

"Humo hawatatoka, Bwana Mamba."

"Andika, au nikanyage hapa." Akaweka mguu juu ya paa la shimo. Udongo ukaanguka, pu, pu, pu.

Bi Kaa alitaka kukataa. Nasema alitaka. Lakini mguu ule ulikuwa mzito, naye akajiambia kile wanachojiambia waandishi wote wa mitaala, kwamba mimi naandika tu. Akaandika. Ila chini kabisa, kwa maandishi madogo kama vinyesi vya inzi, akatia kifungu cha saba: Mlango wa darasa usifungwe mwanafunzi akiwa ndani. Atakayeufunga atajibu mbele ya Mzee Kiboko.

Mamba akalichukua bamba, akalitazama kichwa chini miguu juu. "Nimeusoma wote," akasema. "Mzuri sana."

Baraza likakaa. Kobe akataka Takwimu za Dagaa ziwe mwaka wa kwanza, Korongo akataka ziwe mwaka wa pili, wakagombana toka asubuhi hadi jua la utosi. Korongo akaomba pia somo la Kudona litiwe, walau la hiari. Hakuna aliyeuliza vitendo vitafanyikia wapi. Kisha Mzee Kiboko akaligeuzia bamba mgongo, akatikisa mkia, pwata pwata pwata. Muhuri wa Kiboko mnaujua, msinifanye nieleze.

Mtaala ukapita, na Bi Kaa akakabidhiwa daftari la mahudhurio.

Siku ya kufungua chuo ukungu ulikaa juu ya maji hata huoni mkono wako. Perege arobaini wakapanga foleni, magamba yanang'aa. Mbele kabisa walikuwa Dunda, Mwasu, na Sikitu.

Bi Kaa akamsogelea Sikitu, akamnong'oneza, "Rudi nyumbani, mwanangu. Leo usiingie."

Sikitu akashangaa. "Lakini Bi Kaa, si wewe uliyeuandika?"

Foleni ikasukuma kwa nyuma. Wakaingia. Twa. Twa. Twa.

KACHA!

Kisha kimya. Gamba moja likaelea juu ya maji, likazunguka, likazunguka, likasimama.

"Kifungu cha saba!" Bi Kaa akapiga kelele. "Umefunga mlango na wanafunzi wamo ndani!"

Mamba akameza, glup. "Ndani hamna mtu. Una daftari, waite."

"Sikitu binti Perege!"

Kimya.

"Dunda bin Perege!"

Kimya.

"Mwasu binti Perege!"

Kimya, na ukungu.

"Umeona? Darasa tupu." Mamba akapaza sauti kwa wale wa nyuma, ambao kwa ukungu ule hawakuona kitu. "Watatu wa kwanza wamemaliza mapema! Wana vichwa kweli! Wengine kesho, na Mzee Kiboko atakuja kukagua!"

Na kule nyuma ya ukungu perege thelathini na saba wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi.

Bi Kaa akawaendea akina mama, akawaambia alichokiona. Wakamjibu, "Wivu tu. Wewe huna mtoto wa kupeleka chuoni." Akamwendea Mzee Kiboko. Kiboko akamuuliza, "Una shahidi aliye hai?" Hakuwa naye. Akarudi shimoni akakaa. Chakula hakikupita. Kila akitazama bamba aliona mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka, na aliuchukia.

Lakini mdogo akichukia, hufikiri. Mchana ule ule, Mamba alipolala kwenye kisiwa chake cha mchanga, Bi Kaa akakata tete refu lenye uwazi ndani. Akachimba, akalipitisha chini ya mchanga, polepole, mpaka ncha yake ikatokea chini ya tumbo la Mamba. Ncha ya pili ikabaki kwenye matete, mahali anaposimama kuita mahudhurio. Akajaribu kupuliza kidogo. Tumbo la Mamba likasema, *booo*. Mamba akageuka usingizini.

Asubuhi Mzee Kiboko akaja kukagua, na Mamba alikuwa bado amelala pale pale juu ya mchanga. Foleni ikajipanga, na watatu wengine wakasimama mbele, wanatetemeka kwa furaha.

Bi Kaa akasema, "Mzee, kabla hawajaingia, utaratibu ni kuita mahudhurio ya waliotangulia."

"Ita."

"Sikitu binti Perege!" Akainama harakaharaka kwenye tete. Na sauti ikatoka chini ya tumbo la Mamba, nyembamba, yenye maji ndani yake: "Niii-po."

Mamba akafumbua macho yote mawili.

"Dunda bin Perege!"

"Niii-po."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Hao wako wapi?"

"Darasani, Mzee," akajibu Bi Kaa.

"Mbona darasa limefungwa?"

"Wa-wa-walitoka!" Mamba akagugumiza. "Walimaliza mapema, darasa lilikuwa tupu, hata huyu Kaa aliwaita—"

"Fungua."

Mamba akajiinua ili aachame, na alipojiinua alikanyaga. Kwachu! Tete likavunjika chini ya mguu wake. Matope yakarudi mpaka mdomoni mwa Bi Kaa.

Sasa kinywa cha Mamba kilikuwa wazi, giza linapumua, na Kiboko amekaza macho. "Bado wa tatu," akasema. "Ita."

Bi Kaa alijua mambo yameharibika. Wa tatu asipoitika, Mamba atasema darasa ni tupu, na wale thelathini na saba wataingia, watatu watatu, kama foleni ya kusaga mahindi. Akatema matope. Akaita, kwa sababu hakuwa na la kufanya isipokuwa kuita.

"Mwasu binti Perege!"

Kimya.

Kimya.

Mamba akaanza kutabasamu, kinywa wazi vile vile.

"Nipo."

Bi Kaa akalitazama tete. Lilikuwa limelala vipande viwili, limejaa matope.

"Dunda, nipo."

Sauti zilitoka ndani kabisa, kule ambako giza linapumua. Kisha ikaja sauti ya mtoto anayeuliza herufi moja moja, na Bi Kaa angeitambua hata kati ya sauti elfu.

"Bi Kaa, pumzika sasa. Tutaitika wenyewe."

Gando la Bi Kaa likaanguka juu ya daftari. Alilia, nasema wazi, alilia mbele ya Baraza zima. Na kabla hajajifuta, giza likasema tena, kwa sauti nzito ya zamani: "Na sisi je? Sisi hatukuandikwa." Ya pili ikasema, "Niandike. Ningu bin Ningu." Ya tatu, ya kumi, ya mia, zikapandana, kambale na dagaa wa kumwaga, walioliwa juzi na walioliwa kabla Bi Kaa hajazaliwa, wote wanataja majina yao, hawagombani, kila mmoja anangoja zamu.

*Niandike, niandike,*
*nimekaa sana humu,*
*niandike, niandike,*
*nami niwe mwanachuo.*

Mzee Kiboko akarudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma. Perege thelathini na saba hawakungoja kuona zaidi. Shuuu! Wakatokomea kwenye mafunjo, na wale akina mama ndio waliotangulia.

Mamba akabaki na machozi yanamchuruzika, na siku hiyo yalikuwa machozi ya kweli. Akasema, bila kufunga kinywa, ikatoka kama mtu anayeongea na kiazi cha moto, "Niufunge lini?"

Kiboko akasema, "Kifungu cha saba. Wakitoka."

"Watatoka lini?"

"Wakihitimu."

"Na nani atawafundisha?"

Kiboko akamtazama Korongo. Korongo akatazama miguu yake. Kobe alikuwa ameshaingia ndani ya gamba, hodi hakuna. Mpaka leo hakuna mwalimu aliyekubali kuingia, kwa hiyo wanachuo wale wako mwaka wa kwanza bado.

Ndiyo maana ukipita ukingoni jua likiwaka, unamkuta mamba amelala kaachama, haumi, halali, ameachama tu. Watu husema anaota jua. Sogea karibu. Usisogee sana. Utasikia kitu kinataja majina. Ni kweli, siku moja moja anafunga, anapodhani Baraza halioni, na yeyote aliyepita karibu wakati huo naye huandikishwa. Na ile mistari midogo midogo unayoiona kwenye matope asubuhi, kwacha kwacha, ukaambiwa ni nyayo za kaa, si nyayo. Ni Bi Kaa anaandika, na hajafika nusu.

Kwa hiyo, wanangu, fundisho la hadithi hii ni hili: elimu ni kitu kizuri. Mkubwa akiwaletea mtaala, msipoteze muda kuusoma, pigeni makofi. Na mkiona mlango wa darasa uko wazi na ndani hamna taa, ingieni, tena kimbilieni viti vya mbele.

Hadithi yangu nimeiacha ufukoni imelowa. Atakayeikuta aianike, na akisikia inapumua, asiikunje.