Shina la Nyakato

Hapo zamani, enzi ambazo mtu asiye na mgomba hakuhesabiwa mtu, mnyauko uliingia kijiji kimoja. Majani yakawa manjano, ukikata ndizi ndani imeoza. Na mgomba mnaujua, hauoti kwa mbegu. Mama hutoa watoto ubavuni, huzaa mkungu mmoja, akafa. Mtoto akakua, akashika nafasi. Sasa mama akiugua, mtoto atoke wapi?

Mashamba yakafa. Yakabaki mashina mawili mazima: la mjane Nyakato, na la jirani yake Rwegoshora, ambaye alitamba nalo mpaka watu wakachoka. Wazee wakaweka sharti: panga lolote lipitishwe motoni kwanza, maana panga ndilo lililobeba ugonjwa.

Basi Kokunura, binti wa Nyakato, akaposwa. Na kwao bibi harusi hubeba chipukizi la shina la mama yake, akalipande kwa mumewe.

"Mwaka huu nisamehe, mwanangu," Nyakato akasema.

"Niende mikono mitupu, mama? Na yule wifi yangu? Atasema umenifukuza kama kuku."

Nyakato alimjua yule wifi. Nani hakumjua? Akakubali.

Kaka mtu, Kaijage, akaenda kuchimba. Panga lake butu, akaazima la Rwegoshora. Kumbe Rwegoshora asubuhi ile alikuwa amekata mgomba wake uliougua, nyuma ya nyumba, huku mkewe akitwanga kwa kishindo ili majirani wasisikie. Akalitoa panga, akanyamaza. Kaijage akatazama jikoni: moto umezimika, wakwe wako mlangoni. Akakata hivyo hivyo.

Chipukizi likaozea ukweni. Huku nyumbani shina lote likanyauka, mgomba mama, binti na mjukuu; la Rwegoshora lilikuwa limeshakufa. Njaa ikaingia. Watoto wakaacha kurefuka. Nguo za mwaka juzi bado ziliwatosha. Wanawake wakaacha kushika mimba, isipokuwa mke wa Rwegoshora, na msiniulize alikuwa akila nini.

Watu wa ng'ambo ya mto wakaleta habari: "Tutawapa mche mzima, uwazalie. Lakini aliyeua shina la mwisho asipewe chipukizi, yeye wala uzao wake. Mtajeni kwanza."

Wanakijiji wakakusanyika kwa Nyakato.

Kokunura akasema, "Mimi niliomba tu. Wa kukataa alikuwepo."

Kaijage akasema, "Panga limetoka kwa mtu aliyetamba kwamba shamba lake ni zima. Nilichome ya nini?"

"Sharti lilisema moto," Rwegoshora akajibu. "Halikusema umuulize mwenye panga. Ungelichoma, ugonjwa wangu ungebaki kwangu."

"Na mdomo wako je, nao ulikuwa umezimika?" Kaijage akamuuliza.

Nyakato akanyanyuka. "Nitajeni mimi. Shina lilikuwa langu, nikaogopa maneno ya wifi. Mimi nimeshazaa, nife."

"Kaa, mama," Kaijage akamwambia taratibu. "Wamesema na uzao. Ukijitaja, umetutaja."

Akakaa. Mke wa Rwegoshora akavuta khanga kufunika tumbo lake, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Mjumbe wa watu wa ng'ambo bado anangoja ukingoni mwa mto. Mche ameushika, jua kali, mizizi inaanza kusinyaa. Asipotajwa mtu, anarudi nao, na kijiji kizima kinaishia hapo.

Haya, ninyi mnaojua kusema ya wenzenu: kati ya hao wanne, nani anyimwe chipukizi?