Boksi la Maandishi ya Dhahabu

Leo sitawabembeleza, waumini wangu. Nina mfano, na wengine wenu mtanuna. Nuneni, lakini sikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, fundi cherehani, aliyepata saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha daktari akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, kwa miaka, bila kuruka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye mwenyekiti wa kila kikao cha ukoo. Huyo akaenda duka kubwa la dawa mjini, akamletea vidonge hivyo ndani ya boksi la kampuni yenye jina, lenye maandishi ya dhahabu. Nasi tunajijua: tukienda kumwona mgonjwa, lazima tuulize, "Wamekupa dawa gani?" Basi boksi likawekwa juu ya kabati la vyombo, kila mgeni akawa analigeuzageuza na kumsifu shemeji.

Vidonge vikaisha. Bei ile ikamshinda shemeji, akaitisha kikao cha mchango. Mama hakungoja. Alikwenda hospitali ya wilaya, daktari akampa vya kampuni nyingine.

"Dawa iliyo ndani ni ile ile, mama, na imepimwa," daktari akamwambia. "Kilichobadilika ni jina na bei."

Shemeji alipoviona akafoka. "Rudisha hivyo vitu! Ukoo wetu haujafikia kumtibu mtu kwa dawa za bei ya dagaa. Watu watasema nini?"

"Na mpaka mchango utimie, shemeji, mimi nimeze nini?"

"Vumilia kidogo."

Vumilia! Jamani, saratani nayo ilialikwa kwenye kikao? Itamngoja mwenyekiti afunge kwa sala?

Mama yule hakubishana. Aliingia ndani, akavipanga vidonge vya hospitali ndani ya lile boksi la dhahabu, akameza kimoja, akalirudisha kabatini. Shemeji alipopita tena akaliona boksi lina vidonge, akashusha pumzi. Wala hakuuliza vimetoka wapi. Kikao kikafa kimya kimya, na wageni wakaendelea kusifu.

Miaka ikapita, mama akilijaza boksi kila vidonge vilipoisha, na vipimo vikatoka safi. Ikafanyika ibada ya shukrani. Mnadhani nani alishika kipaza sauti? Shemeji! Kavaa suti, boksi kaliinua juu. "Mnaiona dawa ya heshima? Ukoo wetu haufanyi mambo kienyeji!" Vigelegele vikapigwa.

Mama akatoka kwenye benchi, akamnyang'anya boksi, akalimwaga juu ya meza mbele ya watu wote.

"Soma jina la kampuni kwenye vidonge, shemeji. Soma kwa sauti."

Shemeji akasoma kimoyomoyo. "Shemeji, mbona hukutuambia?"

"Uliviona mwenyewe. Ni vidonge vile vile ulivyoniamuru nivirudishe. Ningekutii, leo ungeshika boksi hili, au ungeshika msalaba wenye jina langu?"

Mbona mnaangalia chini? Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Sisi ndio ukoo ule. Msiba ukitokea, hatushindwi: maturubai yanapatikana, jeneza la vioo linapatikana, sare zinashonwa usiku kucha. Lakini mtu angali hai, anaomba kidonge cha leo, tunamwambia avumilie mpaka tupate cha kututia sifa. Na hilo tunaliita upendo! Mimi nalikataa, hata kama mtanihamisha kanisa hili. Ni kiburi, na kinaua.

Sisemi umeze kila kidonge kinachouzwa sokoni. Mama yule alimuuliza daktari, na daktari akamjibu. Nasema hivi: Mungu akileta msaada kwenye boksi lisilo na dhahabu, sisi ni nani hata tuurudishe?

Kwa hiyo wewe uliyemwambia mgonjwa wako arudishe dawa kwa sababu ya jina lako, usikae hapa kungoja baraka ya mwisho. Mlango uko wazi. Simama, nenda ukamchukulie dawa yake.