Mtendaji Ndani ya Pipa

Sekela alipika pombe ya komoni tamu kuliko zote kijijini, ila kusugua mapipa ilikuwa kazi asiyoipenda kabisa. Asubuhi moja akaja Ambakisye, mtendaji wa kijiji, ambaye mkewe naye aliuza pombe.

"Mapipa gani haya, yananuka! Jioni nakuja kukagua. Nikiyakuta machafu nayabeba yote."

Sekela akaangua kilio. "Beba hata sasa, baba. Niachie moja tu."

"Lipi?"

"Hata silijui! Marehemu mume wangu aliniachia kitu kimoja cha maana, kikatumbukia humo, machicha yakakigandia."

Macho ya mtendaji yakang'aa. "Kapumzike, mama. Nitakitafuta mwenyewe."

Akavua shati, akazama pipani kichwa na mabega. Alikwangua, akamwaga maji moto, akasugua kwa mchanga, pipa baada ya pipa. Jioni, wanywaji wakiwa wamejaa uani, akachomoka kwenye pipa la mwisho, machicha masikioni, kitu mkononi.

"Dodoki?"

"Ndilo lenyewe!" Sekela alirukaruka kwa furaha. "Bila hilo ningesugulia nini? Haya baba, jioni imefika. Kagua!"