Bibi Nakijwa na Korona Iliyozama

"Ukiinua inchi, pachika ubao." Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, mkadhani ni maneno ya maseremala. Sivyo. Methali hii ilianza hivi, kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Upare, na sitaki mtu anikatize mpaka nimalize.

Kiwandani kulikuwa na korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Siku moja msingi wake ulipasuka, korona ikazama upande mmoja. Nje yalikuwa yamerundikwa majani ya wakataji sitini, na jani la mkonge likishanyauka juani halikamuliki vizuri tena. Mbonea, msimamizi wa kiwanda, alilitazama rundo lile. Jasho la watu wote wale lilikuwa linakauka mbele ya macho yake.

Akaitwa Bibi Nakijwa, fundi aliyezeekea karakana ya reli. Alikuja na jeki mbili za mafuta, mataruma ya mbao, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, na mzigo wa vibao. Ajabu ndiyo hiyo, wanangu: bibi mwembamba, mkono mmoja kwenye mpini, anapampu taratibu, na chuma cha tani nane kinanyanyuka. Wakataji walisimama kumtazama. Hata Mbonea alilisahau rundo lake kwa muda.

Lakini kila korona ilipopanda inchi moja, Bibi aliuacha mpini, akapachika ubao juu ya mataruma, chini ya fremu, akaugonga kwa nyundo ukakaza. Ndipo akaendelea. Mpaka saa sita mchana walikuwa wameipandisha inchi tano tu.

"Bibi, nakuheshimu," Mbonea akasema, "lakini majani yanaharibika. Pandisha moja kwa moja, mbao tutapachika mwisho."

"Jeki kazi yake kuinua, mwanangu. Kushikilia si kazi yake."

"Mbona imeshikilia tangu asubuhi?"

"Wewe umeijua tangu asubuhi. Mimi nimeijua miaka thelathini." Akaketi juu ya ndoo. "Bila ubao siinui. Pampu mwenyewe."

Mbonea akarudi nyuma, Bibi akaendelea na mbao zake. Walipofika inchi nane, akaingia mwenyewe kwenye mfereji ulio chini ya korona kung'oa zege lililopasuka, maana hakutaka kumtuma mtu. Hilo tumpe haki yake.

Alikuwa amelala chali mle ndani mpira wa kupitishia mafuta wa jeki moja ulipokatika. Mafuta yakaruka, na tani nane zikashuka. Zikashuka upana wa ukucha, zikatua juu ya ubao. Vumbi likamwagikia Mbonea usoni. Chuma kilikuwa shubiri moja juu ya kifua chake, kimetulia tuli.

Wakamvuta nje. Alikwenda kwenye mzigo wa vibao, akachukua kimoja, akapiga magoti, akampa Bibi kwa mikono miwili. Kutwa nzima iliyobaki yeye ndiye aliyempokeza mbao, na jua halijatua korona ikasimama sawa juu ya mataruma, ikanguruma, majani yakaokolewa.

Miaka ikapita. Mwanawe Mbonea akaja kumwambia ameamua kuacha kazi ahamie mjini; kazi nyingine hajapata, wala pa kulala, mengine atayajua mbele ya safari. Mzee Mbonea hakumkataza kwenda. Alimshika bega tu, akamwambia, "Ukiinua inchi, baba, pachika ubao."